Damu ya Mbung'o Tisa

Mbung'o mia nne na kumi na wawili walirudi mtegoni asubuhi ile, na tisa kati yao walirudi na amri ya kuua.

Redempta Ngwembele, daktari wa wanyama, aliisoma karatasi ya majibu mara mbili kabla hajaketi. Kituo cha Lumbangani kilikuwa na mashine moja tu ya kusomea damu. Ilimpokea mbung'o mmoja mmoja, ikampasua, ikanyonya tone lililokuwa tumboni mwake, ikataja kwanza mnyama aliyenyonywa, kisha kila kimelea kilichokuwa ndani ya damu yake. Safu ya kwanza ilisema sheshe, swala wa nyanda za majimaji. Safu ya pili ilisema sotoka ya mbuzi, ugonjwa wa virusi unaofyeka mazizi. Ilisema hivyo mara tisa.

Mbung'o hao walizalishwa maabara, wote madume wasioweza kuzaa, waliofundishwa kwa harufu kwenda kunyonya na kurudi. Tangu sheria ilipokataza binadamu kumgusa mnyama wa porini, wao ndio waliobaki kuwa mikono ya madaktari. Hakukuwa tena na bunduki ya usingizi wala sindano. Mnyama alipimwa bila kujua kwamba amepimwa.

Kwenye kona ya skrini namba zilikuwa zimeanza kurudi nyuma. Mtambo wa Duara, uliokuwa umbali wa kilometa mia nne, ulipata nakala ya majibu sekunde ileile yalipotoka. Ungechora mstari wa kilometa kumi na mbili kuzunguka mahali mbung'o walipokula, na baada ya saa arobaini na nane droni zake zingeua kila mnyama pori mwenye kwato zilizopasuka atakayekutwa ndani ya mstari. Nje ya mstari kulikuwa na mbuzi milioni tisa, na watu waliokula kwa sababu mbuzi hao walikuwa hai. Redempta hakuwahi kuiona sheria hiyo kuwa ya kipumbavu. Akiwa msichana alikuwa ameuona mwaka wa mizoga, sotoka ilipomaliza mbuzi na watu wakalala njaa.

Sheshe wa Lumbangani walikuwa mia tatu na kumi na mmoja. Kwingine kote duniani duara lilikuwa limeshapita.

Kasiani Mdendemi, fundi wa maabara, aliingia na chupa ya chai chini ya kwapa. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo hakuwahi kuingia chumbani bila neno.

"Mbona umenuna, bosi? Mbung'o wamegoma?"

Redempta alimpa karatasi. Kasiani akasoma, akaweka chupa mezani taratibu.

"Itakuwa mashine imechafuka," alisema.

"Nimeendesha sampuli safi mara tatu. Haijachafuka."

"Basi rudia."

"Damu imekwisha. Yamebaki makombo ya matumbo."

Makombo hayo aliyaweka chini ya hadubini, si kwa tumaini bali kwa mazoea. Mbung'o akila, damu yake huanza kuwa nyeusi ndani ya siku moja, na siku ya tatu huwa kama lami. Mbung'o wa kwanza alikuwa na rangi mbili. Nyuma ya tumbo kulikuwa na weusi. Mbele kulikuwa na wekundu ambao ulikuwa bado haujaguswa. Wa pili hali kadhalika. Redempta aliinua kichwa.

"Kasiani, hawa wamekula mara mbili."

"Wamefundishwa kula mara moja."

"Wamefundishwa. Aliyefukuzwa kabla hajashiba hutafuta mwingine."

"Sawa, wamekula sheshe wawili."

Redempta alikuwa amefungua orodha ya wanyama ambao mashine iliweza kuwatambua. Walikuwa sitini na watatu, kuanzia tembo hadi komba. Mbuzi hakuwamo, wala ng'ombe, wala mbwa.

Alijua kwa nini hawakuwamo. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo kamati ndogo ilikaa kupunguza orodha, kwa kuwa kila jina lilikula vitendanishi, dawa ghali za kupimia, na hoja iliyokubaliwa ilikuwa fupi na safi: mifugo imepigwa marufuku hifadhini, kwa hiyo hifadhini hakuna mifugo, kwa hiyo hakuna haja ya kuitafuta. Watu watano walitia sahihi. Wa tatu alikuwa Redempta.

"Friji la chini," alisema, "bado tuna vitambuzi vya mbuzi vya zamani?"

Kasiani alimtazama kidogo, kisha akaelewa, akakimbia.

*

Waliendesha kipimo kwa mkono, kama walivyofundishwa chuoni kabla ya mashine. Ilipofika saa sita mchana majibu yalikuwa yamepangika mezani. Kati ya mbung'o tisa, sita walikuwa na damu ya mbuzi chini ya damu ya sheshe. Watatu hawakuwa nayo.

Kasiani alipiga kofi moja kubwa. "Sita kwa tisa! Kanuni ya kumi na nne. Zaidi ya nusu ya sampuli zikichanganyika, amri inafutwa kwa siku tisini. Andika, bosi. Andika sasa hivi, mimi nishike kalamu kama mkono unatetemeka."

"Hautetemeki. Na hawa watatu?"

"Hawa watatu hawahitajiki."

"Kama sotoka ilitoka kwa mbuzi, hawa wameipata wapi?"

"Walikula mbuzi siku nne zilizopita, damu ikayeyuka yote, virusi vikabaki vimeng'ang'ania. Hilo linawezekana au haliwezekani?"

"Linawezekana."

"Basi!"

"Linawezekana pia kwamba sheshe wanaumwa kweli, na mimi nikawapa siku tisini za kuuvusha ugonjwa mto. Mafuriko yameshawasukuma hadi ukingoni. Wanakula nyasi mahali pamoja na mifugo ya watu."

Kasiani alimimina chai, akamsogezea. "Daktari, nikuambie kitu kama mtu mzima mwenzako. Sheria imekupa mlango, na umeandikwa mlango. Wewe unataka kupita dirishani uone kama nyumba ina moto."

"Nataka damu ya mbuzi walioumwa na hawa mbung'o," alisema Redempta. "Nikifananisha virusi, nitajua."

"Na mwenye mbuzi atakupa? Mbuzi ambao hawapo?"

Redempta alikuwa tayari amesimama. Upande wa kaskazini wa hifadhi kulikuwa na mfugaji mmoja tu ambaye boma lake lilikuwa ndani ya mwendo wa mbung'o.

*

Sayi Lugembe alikuwa Msukuma wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye tabia ya kusikiliza akiwa ametazama pembeni. Babu zake walihamia bonde la Kilombero na ng'ombe, yeye akabaki na mbuzi. Mbuzi walikuwa mia moja na thelathini, wanene, manyoya yanang'aa. Redempta aliliona hilo kabla hata hajasalimia. Mbuzi wa vijiji vya jirani hawakung'aa hivyo.

"Mwangaluka, daktari," alisema Lugembe, kwa salamu ya asubuhi ingawa jua lilishapinduka.

"Mwangaluka, baba. Nimekuja na shida."

"Mgeni wa serikali haji na kingine." Alimvutia kigoda. "Kaa."

Hakukaa. Alikuwa anatazama masikio. Kila mbuzi mkubwa alikuwa na tundu dogo upande wa chini wa sikio la kushoto, na wadogo wawili walikuwa bado na uzi ndani yake, uzi mweusi uliokauka kwa damu.

"Huu uzi ni wa nini?"

Lugembe alicheka kidogo. "Unaujua. Umesoma."

"Nataka niusikie kwako."

Alimweleza bila kuficha, kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kuezeka nyumba. Miaka ishirini na sita iliyopita, kabla chanjo hai haijapigwa marufuku, baba yake alipata kichupa kimoja kutoka kwa bwana mifugo aliyekuwa anastaafu. Alichanja mbuzi watano. Siku ya sita, mmoja alipopata makamasi na homa ndogo, alichovya uzi katika damu yake, akaupitisha sikioni mwa wengine kumi. Wakapata homa, wakapona. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa wana wao. Tangu hapo uzi haujakatika. Kila masika, mbuzi kwa mbuzi.

"Mwaka wa mizoga tulipoteza wangapi? Niulize."

"Wangapi, baba?"

"Hakuna hata mmoja. Majirani walilala njaa, wakaja hapa kuomba uzi. Niliwapa. Ile chanjo yenu mfu inataka barafu na sindano tatu. Barafu hapa?"

Redempta alifanya hesabu kichwani. Masika ishirini na sita, na kila masika virusi vimepita katika miili minne au mitano mfululizo. Havikuwa tena virusi vya kichupa. Havikuwa na jina katika kitabu chochote. Lakini mbuzi walikuwa wamesimama mbele yake, wanang'aa.

"Wamekuwa wakila ndani ya hifadhi?"

"Mto ukijaa wanakula palipokauka. Mimi simwambii mto."

"Sheshe wamekutwa na sotoka," alisema. "Kesho kutwa asubuhi watauawa wote. Huenda si wao wanaoumwa, huenda ni damu ya mbuzi wako iliyowachafulia jina. Nikipata damu ya hawa wadogo wenye uzi nitaweza kujua."

"Na ukishajua utaandika?"

"Nitaandika nitakachoona."

"Hata kama ni kibaya kwangu?"

Angeweza kusema neno laini hapo. Wengine wangelisema. "Hata kama ni kibaya kwako," alisema.

Lugembe alitazama pembeni. Kisha akamshika mmoja wa wadogo, akamlaza, akamkunja shingo kwa ustadi hadi mshipa ukajitokeza.

"Chukua," alisema. "Uzi wangu haujawahi kuua kitu. Wewe utaona mwenyewe."

*

Virusi vya sotoka ya mbuzi vina herufi za vinasaba elfu kumi na tano, mia tisa arobaini na nane. Ni maandishi mafupi. Mashine iliyasoma kwa saa kumi na moja, na asubuhi ya siku ya pili Redempta alikuwa na mistari kumi mbele yake: mmoja wa mbuzi wa Lugembe, tisa ya mbung'o.

Mistari sita ilifanana na wa mbuzi herufi kwa herufi. Kasiani, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alishusha pumzi.

"Nilikuambia."

"Ngoja."

Mistari mitatu iliyobaki ilitofautiana na wa mbuzi mahali panne. Ilikuwa palepale, kwa wote watatu. Tatu kati ya tofauti hizo zilikuwa katika kipande kinachotengeneza ufunguo wa virusi, ile protini inayofungulia seli ya mnyama. Mbung'o mmoja angeweza kuwa na kosa la kusoma. Watatu, waliokamatwa katika mitego mitatu tofauti, hawangeweza kuwa na kosa lilelile mara nne.

Redempta aliangalia tena, kwa sababu alipaswa kuangalia tena. Kisha akasema, bila kugeuka, "Vilitoka kwa mbuzi. Vikaingia kwa sheshe. Vikabadilisha ufunguo. Sasa vinatembea sheshe kwa sheshe."

Kasiani hakusema kitu. Hilo lilikuwa jambo geni kiasi kwamba Redempta aligeuka.

"Bado una sita kwa tisa," alisema Kasiani hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kanuni ya kumi na nne haikuulizi herufi. Inakuuliza zimechanganyika au hazikuchanganyika. Zimechanganyika. Tuma hilo peke yake. Siyo uongo."

"Siyo uongo."

"Sheshe wanapata siku tisini. Mzee anabaki na mbuzi wake. Hakuna anayejua uzi wala nini."

"Na siku ya tisini?"

"Siku ya tisini Mungu yupo."

Redempta alilipima. Hakuwa mtu wa jiwe. Alilipima kwa dakika zisizopungua ishirini, na chai ikapoa. Upande mmoja kulikuwa na wanyama mia tatu na kumi na mmoja ambao hakuna wengine kama wao, na mzee aliyemkunjia mbuzi shingo kwa mkono wake mwenyewe. Upande wa pili kulikuwa na virusi vyenye ufunguo mpya, mto uliofurika, na ng'ambo ya mto mbuzi milioni tisa ambao hawakuwa na tundu sikioni. Hakujua kama ufunguo huo ungefungua seli ya mbuzi wa kawaida. Hakuna aliyejua. Kipimo cha kujua kingechukua miezi mitano.

Mwaka ule wa mizoga, mtu mmoja mahali fulani alikuwa na karatasi kama hii, akaona mlango, akapita.

Alituma mistari yote kumi, na maelezo, na jina la boma.

Jibu la Duara lilirudi baada ya dakika nne. Amri ya kwanza: imethibitishwa. Amri ya pili: mifugo yote yenye virusi vya asili moja, boma la S. Lugembe, saa ishirini na nne baada ya ya kwanza.

Kasiani alivua koti la maabara, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. "Nitakuja kesho uwandani," alisema, "kwa sababu huwezi kubeba masanduku peke yako. Usidhani ni kwa kitu kingine."

*

Sheria ilitaka mpimaji awepo, achukue sampuli za mizoga ili kuthibitisha majibu yake. Mnyama akishakufa ilikuwa ruhusa kumgusa.

Droni zilimaliza kazi kwa dakika arobaini. Zilikuwa sahihi, hakuna sheshe aliyekimbia hatua nyingi. Saa tatu asubuhi Redempta na Kasiani waliingia katika nyasi, maji yakiwafika magotini, na wakaanza na mzoga wa kwanza waliokutana nao. Damu ya shingo, ute wa pua, kipande cha tezi. Kwa Redempta ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi kushika sheshe. Manyoya yao yalikuwa na mafuta kidogo, na yaliacha harufu mikononi.

Katika mzoga wa ishirini alianza kuwa na wasiwasi, kwa kuwa alikuwa hajaona midomo yenye vidonda. Hakuona macho yaliyoganda, wala mharo mapajani. Majike walikuwa na mafuta kwenye figo. Kasiani naye alikuwa ameona, lakini aliendelea kuandika namba kwenye vichupa.

Walifungua meza ndogo juu ya tuta kavu, Redempta akatoa vijiti vya kupimia kingamwili. Kipimo hicho kilikuwa cha zamani sana, cha dakika kumi, na hakikuwezekana kwa mbung'o, maana tumbo la mbung'o huzisaga kingamwili pamoja na damu. Mbung'o angeweza kusema kama virusi vimo. Hakuweza kusema kama mnyama ameshavishinda.

Kijiti cha kwanza kilichora mistari miwili. Cha pili, miwili. Kufikia saa kumi na moja jioni alikuwa amepima mia tatu na kumi na mmoja. Mia mbili na sabini na wanane walikuwa na kingamwili. Ishirini na wanne walikuwa bado na virusi puani, kidogo, kama wanyama wanaomalizia mafua. Tisa walikuwa hawajaguswa kabisa.

"Walipona," alisema Kasiani.

"Ndiyo."

"Walipona wenyewe. Ugonjwa ulikuwa unaisha."

"Baada ya wiki tatu usingekuwepo," alisema Redempta. "Nne kwa wingi."

Aliandika jedwali, akalituma kutoka palepale kwenye tuta, na chini yake ombi: amri ya pili isitishwe, mbuzi wapimwe kingamwili kwanza. Jibu halikuchukua hata dakika nne. Kinga si kigezo. Kigezo ni virusi.

Alikuwa anafunga masanduku alipomwona Lugembe. Mzee alikuwa amesimama nje ya kamba nyekundu, amevua viatu, notisi ya amri ya pili ikichungulia mfukoni, anatazama mizoga iliyopangwa kwa mistari kumi kumi. Redempta alimwendea. Hapakuwa na namna ya kutokumwendea.

"Walikuwa wanaumwa?" aliuliza Lugembe.

"Waliumwa. Wakapona. Virusi vilikuwa vyako, baba, vikabadilika ndani yao. Havikuwaua."

"Nilikuambia uzi wangu haujawahi kuua kitu."

"Uliniambia."

Mzee alikubali kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyelipwa kitu asichokihitaji tena. "Na wangu kesho?"

"Saa mbili asubuhi. Nimeomba wasitishe. Wamekataa. Mbuzi wako wana virusi."

"Wana virusi na hawaumwi."

"Ndiyo."

"Sasa kesho mnakuja kuua nini?"

Redempta alitafuta jibu lililo kweli. Yote aliyoyapata yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomfaa mtu huyu. Maji yalipita katikati yao, membamba, yakibeba vipande vya nyasi kuelekea mtoni.

"Nitakuja kabla yao," alisema mwishowe. "Nichukue damu wakiwa hai."

"Itazuia?"

"Haitazuia."

"Basi ya nini?"

"Ijulikane kwamba walikuwa wazima. Iandikwe mahali."

Lugembe alitazama pembeni, upande wa boma lake, ambako mbuzi walikuwa wanasikika.

"Wangapi utachukua? Mmoja, kama juzi?"

"Wote."

"Mia moja na thelathini," alisema mzee. Aliokota viatu vyake, akavipigisha kimoja kwa kingine kuondoa tope. "Basi njoo mapema, daktari, na huyo mwenzako. Nitakuwa nimewafunga kamba. Wakishasikia mlio wa vile vyombo hawatashikika."